Nilivyoenda Mugumu na Magoti Yangu

Hapana, Nyangi, mgonjwa anasafiri. Tena anasafiri kuliko mzima, maana mzima anakaa kwake analima, mgonjwa ndiye anayezungushwa kutafuta vipimo. Jana kisimani umesema mtu anayeweza kukaa kwenye gari mpaka Serengeti anaweza pia kushika jembe, na wenzetu wakacheka. Na mimi nikacheka. Nilipofika nyumbani ndiyo nikakasirika. Siku hizi nachelewa kwenye kila kitu, hata kukasirika.

Mmeniuliza ilikuwaje huko. Nimeona niandike, kwa sababu nikisimulia kwa mdomo mnanikatiza, na mimi nikikatizwa nanyamaza kabisa. Someni mpaka mwisho, halafu mseme.

Kwanza kilichonitoa nyumbani. Risaga yetu mnaijua: leo tunalima kwako, kesho kwangu, keshokutwa kwa mwingine, tumejipanga mstari mmoja, na anayebaki nyuma anaachiwa kipande chake kimesimama katikati ya shamba, watu wanakiimbia nyimbo za kejeli. Msimu huu hicho kipande kimekuwa changu kila mara. Mara ya mwisho nilikaa chini kabisa, na wewe Nyangi, kwa kuwa ndiye kiongozi wetu, ukasema asiyelima hatalimiwa. Ni haki, sikatai. Lakini kwetu tuko wawili tu, mimi na mama, na mkono mmoja wa mama haunyooki tangu alipoanguka. Nikitolewa kwenye risaga, shamba letu linabaki pori. Hicho ndicho nilichobeba kichwani njia nzima.

Na ugonjwa wenyewe mnasikia "tezi" mnadhani ni uvimbe. Siyo. Iko tezi hapa shingoni ambayo kazi yake ni kuupa mwili mwendo. Yangu imelegea. Basi kila kitu kimelegea nayo: nasikia baridi wakati nyie mmevua masweta, uso unavimba asubuhi, naamka nimechoka kama niliyelala nikilima, na viungo vinauma, magoti, vidole, mabega. Daktari wa Tarime alinianzishia vidonge vya kumeza kila siku, akasema vitanirudisha taratibu. Mimi hilo neno taratibu sikulisikia. Nilimeza, nikangoja, nikamaliza miezi, magoti yakawa yale yale. Yule daktari akahamia Mugumu, wilaya ya Serengeti, na kwa kuwa mjomba wangu Marwa anakaa huko huko, mama akasema, "Mfuate. Usirudi bila jibu."

Itiryo kwenda Tarime

Niliondoka na Mwita wa bodaboda, ukungu bado umekaa kwenye migomba. Mvua ilikuwa imenyesha usiku na ile barabara yetu mnaijua ikilowa. Nilijifunga kanga mbili juu ya koti, Mwita akanitazama akauliza kama tunakwenda Tarime au Ulaya.

Vidole vyangu asubuhi havikunjiki. Kwa hiyo siwezi kushika kile chuma cha nyuma cha pikipiki, na kumkumbatia Mwita sikutaka, nyie mngesema. Nikashika koti lake kwa viganja, kama mtu anayebeba sufuria ya moto.

Kwenye kile kilima cha pili pikipiki ikaanza kucheza kama ndama. Mwita akasimama.

"Shuka, dada. Panda kwa miguu, nakusubiri juu."

"Siwezi kupanda."

"Kwani una nini? Mbona umenenepa vizuri tu?"

Hilo ndilo linaloniudhi kuliko yote. Mtu akikonda anaonewa huruma. Mimi nimevimba, basi watu wanadhani nakula vizuri. Nikashuka nikapanda. Tope limenishika viatu, goti la kulia linapiga kelele, na Mwita juu kule anaimba. Nilipofika akasema, "Unatembea kama bibi harusi, dada! Umesindikizwa na nani?" Nikamwambia nimesindikizwa na wazazi wake. Alicheka mpaka pikipiki ikazima.

Mjini nilikunywa chai ya maziwa na viazi vitamu kwa mama mmoja pale karibu na stendi. Nilishika kikombe kwa mikono miwili mpaka vidole vikafunguka kimoja kimoja. Yule mama aliniona, akaniongezea chai bila kusema kitu. Watu wengine ni wazuri hivyo, hata jina lake sikumuuliza.

Tarime kwenda Nyamongo, na ujinga wangu wa barabarani

Gari lilikuwa Noah, na dereva alikuwa na ugonjwa wake mwenyewe, ugonjwa wa kusema "tunaondoka sasa hivi". Alisema tunaondoka sasa hivi, akaenda kunywa supu. Akarudi akasema tunaondoka sasa hivi, akaenda kutafuta tairi la akiba. Ukikaa muda mrefu bila kusogea na viungo kama vyangu, unaganda. Kila nikishuka kunyoosha miguu, kondakta ananirudisha: "Dada, utaachwa!" Nikikaa, hatuondoki.

Pembeni yangu alikaa mama mmoja mfanyabiashara wa upande wa Kenya, anavuka Sirari kila wiki na mabeseni na mitumba. Akaniambia nimuite Mama Otieno. Alinitazama nikikandakanda goti, hakuweza kuvumilia.

"Msichana, wewe uko na shida gani? Hiyo ni baridi ya mifupa?"

Nikamweleza habari ya tezi. Akanishika kidevu akanigeuza shingo kama anakagua kuku.

"Hakuna goita hapa. Wanakudanganya. Goita iko hivi," akaonyesha kwa ngumi yake. "Nyanya yangu alikuwa nayo. Wewe kula chumvi, na nikupake hii."

Akatoa dawa ya kuchua yenye harufu ya kufukuza nyuki. Nikamwambia asante mama, sihitaji. Akasema hakuniuliza kama nahitaji. Akanipaka magoti yote mawili ndani ya gari, mbele ya watu, wanaume wakafungua madirisha. Niseme ukweli: kulikuwa na joto zuri. Tezi haikujua kitu, lakini magoti yalishukuru kwa muda.

Kabla ya kufika njia ya kwenda Genkuru tairi likapasuka. Tairi la akiba ambalo dereva alikwenda kulitafuta kumbe nalo halina upepo. Akatumwa mtu na pikipiki alipeleke kwa fundi. Abiria wakakaa kwenye nyasi. Wawili walikuwa vijana wachimbaji wanaorudi Nyakunguru, wakaanza kubishana kuhusu mpira. Mama Otieno akatandika kanga akalala palepale, hata dakika haikupita akawa anakoroma.

Na mimi nikafanya kile ambacho mngetegemea nifanye. Nikaona nimekaa vya kutosha. Nikasema moyoni, hawa ndio wanaoniita mvivu, acha nitembee, gari litanikuta mbele. Nikamwambia kondakta.

"Utaweza?" akauliza.

Angesema "usiende" ningebaki. Kusema "utaweza" ndiyo akaniharibia.

Nilitembea kwa kasi. Jua limetoka, dawa ya Mama Otieno inaunguza, nikajiona niko kama zamani, shuleni kwetu mnakumbuka nilikuwa nakimbia mita mia nne nashinda. Nilipita nyumba, nikapita shamba la mihogo, nikasalimia wazee shikamoo, wakaitika. Nikawa naongea mwenyewe: kumbe ni uoga tu. Kumbe Nyangi yuko sahihi.

Halafu mwili ukazima. Sijui niwaelezeje. Siyo kuchoka kule kwa kulima, ambako unakaa, unakunywa maji, unaendelea. Huku ni kama mtu amefungua bomba chini ya miguu yako na kila kitu kimemwagika. Magoti yakawaka, nyonga ikashika, kope zikawa nzito. Nikakaa kwenye jiwe pembeni ya barabara nikalia kidogo. Mtu yeyote aliyepita aliona msichana mnene analia kwenye jiwe.

Gari lilipofika kondakta alifungua mlango akaanza, "Mwanariadha wetu!" Watu wakacheka. Sikuweza kuinuka. Nilijaribu, nikakaa tena. Kicheko kikakatika. Wale vijana wa Nyakunguru wakashuka wakanishika huku na huku wakanipandisha, na mmoja akasema polepole, "Kumbe kweli." Mama Otieno akasogea kunipisha, akasema, "Nilikwambia ule chumvi."

Nyamongo kwenda Mugumu

Mama Otieno alishuka pale na mabeseni yake. Akanikumbatia kwa nguvu mpaka bega likalia.

Kuvuka daraja la Mto Mara sikuona kitu, nililala mdomo wazi. Watu wanalipa kutoka mbali kuja kuona upande huu wa Serengeti, mimi nimevuka nikiwa nakoroma begani kwa mzee mmoja mwenye fimbo. Nilipoamka, koti lake lilikuwa limelowa mate yangu. Nikaona aibu nikasema shikamoo. Akajibu, "Marahaba. Umelala kama mtu aliyelipia," akageukia dirisha.

Mjomba alinipokea stendi. Kwake walikuwa wamechinja mbuzi kwa ajili ya jambo jingine kabisa, lakini alinidanganya kwamba ni kwa ajili yangu. Kukawa na nyama ya kuchoma na kichuri, ule mchuzi mchungu unaotoka kwenye tumbo la mbuzi, na ugali mweusi wa mhogo na mtama. Bibi, mama yake mama, anaishi hapo. Alikuwa amekaa mlangoni na ugoro wake.

"Mke mwenzangu!" akaniita. "Umekuja kuninyang'anya mume aliyekwisha kufa?"

"Nimekuja kuangalia kama aliacha chochote, bibi."

Alifurahi sana. Halafu akanitazama uso, akanitazama nikikaa kwa kushika ukuta, akafunga ugoro wake. Nilidhani ananihurumia. Kumbe alikuwa anahesabu vitu vyake kichwani, mtaona.

Hospitali

Pale hospitali nilikaa kwenye benchi mpaka nikajua rangi za viatu vya wauguzi wote. Nilipoingia, yule daktari wetu wa Tarime alinikumbuka. Nikamwambia moja kwa moja, kabla hajakaa vizuri: dawa yako haifanyi kazi, niongezee.

"Tukupime kwanza."

"Nimekuja kutoka Itiryo, daktari. Niongezee tu."

"Hata ungetoka mwezini, tukupime kwanza."

Wakachukua damu, wakasema majibu si ya siku hiyo. Nikabaki kwa mjomba nikingoja. Nikaenda tena, majibu bado. Nikaenda tena, yakawepo. Daktari akayasoma akakunja uso.

"Hii ni kama mtu ambaye hamezi dawa."

Nilihisi damu inapanda. "Namesa kila siku! Sijaruka hata moja!" Kwa hasira hata neno kumeza nilishindwa kulitamka.

"Nakuamini. Unameza saa ngapi?"

"Alfajiri, nikiamka tu, kama ulivyosema."

"Unameza na nini?"

"Na maziwa."

Akaweka kalamu chini. Akauliza maziwa gani, kiasi gani. Nikamweleza kama tunavyofanya wote: mama ananiletea kibuyu cha maziwa alfajiri, kidonge mdomoni, maziwa juu yake, kwa sababu dawa bila maziwa inakwangua tumbo. Kila nyumba Itiryo inajua hivyo. Kwinini tunameza na maziwa, dawa za minyoo tunameza na maziwa, mtoto anapewa maziwa kwanza.

Hakucheka. Angecheka ningetoka nje. Akasema dawa hii ina kiburi, haitaki mwenzake tumboni. Ikikutana na maziwa inashikwa humo humo, inapita nayo, mwili unapata kidogo sana. Inataka maji matupu, tumbo tupu, halafu ungoje nusu saa au zaidi, ikiwezekana saa nzima, ndiyo unywe uji wako au chai yako. Na vile vidonge vya kuongeza damu nilivyopewa zahanati, navyo nivisogeze mbali, vikae mchana.

Miezi yote hiyo, jamani. Mama anaamka gizani na mkono wake mmoja kukamua, anichagulie maziwa mazuri, kumbe tunaizamisha dawa. Sikujua nimkasirikie nani. Mama hana kosa. Mimi nimesoma mpaka kidato cha nne, na karatasi ya ndani ya boksi sikuwahi kuifungua.

"Basi niongezee ili nifidie," nikasema.

"Hapana. Ukianza kuimeza vizuri halafu nimekuongezea, moyo utakukimbia. Kiasi cha dawa kinabaki hicho hicho. Urudi upimwe baada ya wiki kadhaa."

"Na magoti?"

"Yatafuata, lakini hayana haraka. Wengine maumivu yanapungua sana, wengine yanabaki kidogo, na yakibaki tutatafuta kama kuna sababu nyingine. Usilale siku nzima, viungo vinakakamaa. Na usijiue kwa siku moja ukalala tatu. Fanya kidogo kila siku."

Kidogo kila siku! Nilitoka pale nimeudhika. Nilikuja kutafuta dawa ya kunirudisha kwenye mstari wa risaga, nikapewa maji na kungoja.

Kwa mjomba, na mimba ambayo haipo

Kesho yake alfajiri Mama Chacha, mke wa mjomba, akaja na kibuyu cha maziwa kwa mgeni. Kabla ya hapo nilikuwa nakunywa bila neno. Siku hiyo nikasema, "Asante mama, siyo sasa."

Mnajua kwetu kukataa maziwa ya mtu nyumbani kwake ni nini. Mama Chacha alisimama na kibuyu kama nimempiga kofi.

"Yana harufu?"

"Hapana, mama."

"Umesikia maneno kuhusu sisi?"

"Hapana! Ni dawa tu."

Nikawa nataka kueleza, lakini asubuhi sauti yangu inakwaruza na maneno yanakuja polepole, na bibi kule kitandani kwake alikuwa ameshasikia neno moja: amekataa maziwa. Akakaa. Akapiga makofi.

"Nilijua! Nilijua tangu alipokaa kwa kushika ukuta! Uso umevimba, analala mchana, miguu inamuuma, maziwa yanamchefua. Marwa! Marwa, njoo, mtoto wa dada yako ana mimba!"

Mjomba alitoka na suruali nusu. Badala ya kuniuliza kama ni kweli, akauliza, "Ya nani?"

"Hakuna, mjomba!"

"Ni kijana wa huko huko Itiryo? Kwao kuna ng'ombe?"

"Hakuna mimba!"

"Kila mtu anasema hivyo mwanzoni," bibi akasema, anavuta ugoro. "Hata mama yako alisema hivyo, na wewe ulikuwa humo ndani unasikiliza."

Nililia kwa hasira, halafu katikati ya kulia nikaanza kucheka, maana mjomba alikuwa bado ameshika suruali. Mama Chacha naye akacheka. Nikawaeleza yote, tezi, maji, nusu saa. Mjomba akarudi kulala, nadhani alisikitika kidogo, alikuwa ameshaanza kuhesabu ng'ombe. Mama Chacha akaweka kibuyu mbali na paka akasema, "Basi yakungoje." Tangu siku hiyo kila asubuhi alikuwa ananiita, "Robi, yule bwana wa tumboni ameondoka? Tumlete maziwa?" Bibi hakubadilika. Alisema dawa ni dawa na mimba ni mimba, tutaonana mwezi wa tisa.

Siku zile za mwanzo nilimeza na maji, nikangoja, nikajibonyeza magoti kuona kama yamepona. Hayakupona. Siku nyingine tena. Hapana. Nikamwambia Mama Chacha dawa hii ni ya uongo. Akasema hata maharage yanahitaji kulowekwa.

Alikuwa na lundo la mihogo ya kumenya na kuanika. Nikaona nafasi yangu. Nilikaa nikamenya bila kuinua kichwa, nikamaliza karibu lundo lote, nikitaka aseme nyumbani kwake alikuja msichana mchapakazi. Akasema kweli, mbele ya majirani. Nililala na furaha.

Asubuhi vidole vilikuwa vijiti. Sikuweza kufunga vifungo vya blauzi. Mama Chacha alinifunga mwenyewe, kimoja kimoja, kama ananipeleka chekechea, na shingo yangu pia haikugeuka, ikabidi anifunge na kitambaa cha kichwa. Siku nzima nikalala. Siku iliyofuata, mihogo mingine, nikachukua kisu tena. Nilikuwa nimemenya kidogo tu akanyoosha mkono.

"Leta kisu."

"Bado sijachoka, mama."

"Najua. Leta."

"Nikichoka nitasema."

"Ukichoka mimi ndiye nafunga vifungo, nafua nguo zako, nakupikia uji. Juzi ulinisaidia asubuhi moja ukanipa kazi ya siku mbili. Leta kisu changu."

Aliongea kwa ukali kabisa, alikuwa anajali kazi yake. Nikampa. Nikazunguka uani, nikafagia kidogo, nikakaa. Baadaye akanirudishia kisu mwenyewe, nikamenya tena kidogo, akakichukua. Nilichukia, kila mara anakichukua nikiwa nimenogewa. Lakini kesho yake nilifunga vifungo vyangu, vyote isipokuwa cha juu. Nikamenya tena. Na kesho yake tena. Nilipohesabu mihogo kwa macho mwisho wa juma, nilikuwa nimemenya mingi kuliko lile lundo la sifa, na hakuna siku niliyolala.

Sikumwambia mtu. Nilikaa tu natazama ile mihogo imeanikwa, myeupe yote, nikifikiria shamba letu.

Kurudi

Kurudi sikuwa na vituko vingi, na ndiyo habari yenyewe. Gari lilisimama Nyamongo muda mrefu. Sikukimbia popote. Nilishuka, nikatembea mpaka kwenye muuza machungwa na kurudi, nikakaa, nikashuka tena. Kondakta akasema, "Dada, utaachwa." Nikamwambia niache. Hakuniacha. Kule kilimani kwetu Mwita aliponiambia shuka, nilishuka, nikapanda nikisimama kila ninapoona vema kusimama, kabla goti halijaniambia. Alilalamika kwamba nimemchelewesha abiria mwingine. Magoti yaliuma. Yaliuma, lakini nilifika nyumbani nikitembea, na jioni niliosha vyombo.

Kumwambia mama habari ya maziwa ndiyo ilikuwa safari ngumu kuliko zote. Alishika ule mkono wake. Kisha akauliza, "Kwa hiyo mimi ndiye nilikuwa nakuumiza?" Nikamwambia hapana, mama, tulikuwa wawili, mimi ndiye nilikuwa nameza. Hakucheka. Alfajiri yake alichelewa makusudi kuja na kibuyu, akasimama nje ya mlango, akauliza kwa sauti ya kumuuliza mgeni, "Tayari?"

Bado nina baridi. Bado uso unavimba. Daktari alisema wiki kadhaa na hazijaisha, na mnajua mimi nilivyo na kungoja. Labda msimu ujao nitakuwa kwenye mstari kama zamani. Labda sitakuwa. Hakuna aliyeniahidi.

Sasa, Nyangi. Kesho risaga iko kwako. Mama ameniambia nisiende, bora tutolewe kwa heshima kuliko nikaanguke shambani kwa mtu, na kwamba yeye atalima letu kwa mkono mmoja. Nimemkatalia. Nimefikiria tangu jana kisimani, na nimeamua.

Asubuhi nitameza kidonge na maji, nitangoja, nitakunywa uji, halafu nitakuja na jembe. Nitachelewa kidogo, vidole vyangu vinaamka baada ya jua. Kabla sijaanza nitasema mbele ya wote, wewe ukiwepo: nalima nusu ya kipande, kidogo kidogo, na nitakaa chini nikiwa bado nina nguvu. Mtaniona nimekaa huku naweza kulima. Mtataka kuniimbia, niimbieni. Nitainuka tena nitalima, nitakaa tena, mpaka nusu yangu iishe, na nusu hiyo itakuwa imelimwa vizuri, majani yamegeuzwa mpaka mizizi. Keshokutwa nitakuja tena kwa mwingine, na siku itakayofuata.

Halafu zamu yetu ikifika, njooni kwa mama mtulimie nusu. Hiyo nusu nyingine tutajua wenyewe. Sitaki mnilimie kwa huruma na sitaki mnitoe. Nataka mnihesabu kwa kile ninacholima.

Niachie sehemu ya pembeni, upande wa migomba, ambako nikikaa sitawazuia.